Mzee Futi na Ndiyo ya Juni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Futi, alizaliwa tarehe 14 Mei 1958, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Alianza shule mwaka 1966, na mwaka 1980 akahitimu upimaji wa ardhi.

Alipokwenda kuposa mwaka 1984, aliona uzio wa mkwewe umeingia kwa jirani. Akatoa futi mfukoni, akapima. "Kijana, umekuja kuoa au kuninyang'anya kiwanja?" baba mkwe alifoka. Mke alipewa hata hivyo, na uzio ukarudi nyuma hatua mbili.

Mwaka 2005 alichaguliwa kuwa mbunge wetu, akarudi tena mara mbili. Alipigania visima na barabara mpaka sauti ikamkauka. Lakini alitusihi tusimpake rangi, nasi hatutampaka. Tarehe 22 Juni 2017, Spika aliwahoji wanaoafiki, wenzake wakaitikia, naye akaitikia "ndiyo" kwa muswada ambao hakuwa ameusoma. Mtu aliyepima hadi uzio wa mkwewe hakufungua ukurasa wa arobaini na moja! Ukurasa huo ndio ulioifunga wodi yetu ya figo, mashine za kusafisha damu zikahamishiwa kilomita mia moja na arobaini kutoka hapa. Majirani kumi na mmoja walikufa. Alihudhuria mazishi yote, akisimama nyuma kabisa. Inatuuma kuyasema haya mbele ya jeneza lake.

Mwaka jana figo zake mwenyewe zilishindwa kazi. Alikataa gari la bunge, akawa anapanda gari la wagonjwa pamoja na wagonjwa wenzake, mara mbili kwa wiki. Humo ndimo alimoandika hoja ya kuirudisha wodi. "Hii nimeisoma kila mstari, mama watoto," alimwambia mkewe. "Nikiondoka kabla sijaiwasilisha, usiwaache wabunge wenzangu walale." Alifariki tarehe 9 Machi 2019, saa nne asubuhi, ndani ya gari hilo, hospitali ikiwa bado mbali.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na dada yake anayewasomea haya. Hoja imepangwa Jumanne, tarehe 19; ikikosa mbunge wa kuisimamia, itafutwa. Waheshimiwa mliokuja kutuzikia, karatasi anayo mjane mkononi, na hataruhusu jeneza lishushwe mpaka mmoja wenu aipokee.

Kaka, wewe pumzika. Sisi tunasubiri.