Depite, Kasuku wa Lupango Moja, Anarudi Kwao

Baada ya miaka saba na miezi minne ya kazi, filamu tisa, na bila ruhusa hata moja ya ugonjwa, Depite anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Agosti 2025. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu na jicho la kukupima kuanzia viatu. Mmezoea kumwona katika filamu zetu za *Lupango Moja*, yaani ua mmoja wa wapangaji, dirishani kwa Mama Mwenye-nyumba, akidakia maneno ya wapangaji.

Muongozaji wetu Anaclet alimkuta mtaa wa Rwambuzi hapa Bunia, kwa fundi mmoja wa pikipiki. Fundi naye alikuwa ameachiwa na watu waliokimbia vita kutoka upande wa Kpandroma, wakashindwa kuendelea naye. Kifua cha ndege kilikuwa kimenyonyoka chote. Anaclet alimchukua kwa huruma tu. Jina la Depite, yaani mbunge, tulimpa kwa sababu alisema sana na hakufanya lolote, na waheshimiwa watusamehe.

Siku ya kwanza ya kazi, Immaculée, anayeigiza Mama Mwenye-nyumba, alikuwa katikati ya kilio chake kikubwa. Depite akapaza sauti ya kike kabisa: "Mbambu! Weye, uko wapi?" Kisha akainamisha kichwa upande, akangoja. Tulirudia mara sita, naye akaita mara sita.

Hapo ndipo mimi Osée, ninayeandika hadithi za filamu hizi, nikafanya ujanja. Niliandika kwamba Mbambu ni mpangaji wa chumba cha nyuma ambaye kila mtu anamtafuta na haonekani. Lo! Watu walimpenda kuliko yote niliyoyatolea jasho. Sokoni waliniuliza Mbambu atatokea lini. Nilijivuna, jamani, nikidhani nimetunga mtu.

Depite alijifunza pia kusema "Coupez!", yaani kata, kwa sauti ya Anaclet. Vital, mpiga picha wetu, alikuwa akizima kamera kila anaposikia, na hivyo ndivyo harusi nzima ya filamu ya nne ilivyokosa bibi harusi. Vital hapendi tukumbushe habari hiyo.

Filamu zetu husafiri kwenye kadi za kumbukumbu za simu kuliko tunavyosafiri sisi. Moja ilifika Aveba. Huko, mshonaji wa miaka ishirini na miwili alikuwa kwa jirani akitazama, akasikia sauti ya mama yake ikimwita kutoka ndani ya filamu. Wiki mbili zilizopita aliingia katika lupango letu akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akasema anaitwa Mbambu.

Mama yake, Madeleine, aliuza maharage Kpandroma, na nyumbani alifuga kasuku. Walipotezana wakikimbia mwaka 2018, na mama alifariki njiani kabla hawajaonana tena. Nyumba iliungua pamoja na picha zote. Binti huyo hakuwa na kitu chochote cha mama yake. Alikuja kutuomba kasuku.

Nisiwadanganye, hatukutaka. Filamu ya kumi ilikuwa imeanza, na bila Depite tutamwonyesha nani? Anaclet alisema watu wa kabila la Wanande wanapeana majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo Mbambu wamejaa Bunia nzima. Atajuaje kama ndiye huyu?  Binti alikwenda akasimama mbele ya dirisha.

Depite akaita kama kawaida yake. Siye kwa miaka saba tulicheka na kurekodi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitika. Yeye aliitika: "Niko huku, mama."

Ndege akalaza manyoya. Akasogea hadi ukingoni mwa kijiti, na kwa sauti ile ile, ila sasa imelegea, akatoa maneno ambayo hatujayasikia tangu tumjue: "Kuya kula, mutoto wangu. Bugali iko napoa."

Vital alizima kamera bila kuambiwa. Anaclet alitoka nje. Mimi nilibaki na kofia mkononi, sijui niiweke wapi. Mungu wangu! Kiumbe mdogo kiasi kile, kumbe miaka yote alikuwa ameitunza nusu ya pili ya maneno, akingoja mwenyewe aitike. Nimeandika filamu tisa na sijawahi kuandika kitu kama kile. Anaclet aliporudi ndani alisema neno moja tu, kwamba Depite apelekwe kwao.

Filamu ya kumi tutaipiga bila yeye, na itakuwa itakavyokuwa. Depite, aksanti sana, mzee wa kazi. Ulitubeba, na hatukujua ulikuwa umebeba nini. Aveba ikupokee vizuri, karanga zisikupungukie, na kifua chako kisinyonyoke tena. Na weye Mbambu, akikuita, hata ukiwa na kazi mkononi, itika.