Uji wa Adhuhuri, Mwezi wa Ramadhani

Sifa zote ni za Mola aliyenibakisha hai niyaseme haya! Ndugu zangu, mimi ni mama wa Kibokoni, na mwanangu wa kwanza nilimzika kwa ujinga niliouita ucha Mungu.

Ilikuwa Ramadhani ya wakati wa vita. Mchele haba, futari yetu muhogo na chai. Salim alikuwa na miezi miwili, nami nilifunga huku namnyonyesha. Nilimwogopa Mungu, ndiyo. Lakini wallahi, zaidi nilimwogopa mavyaa yangu, mama wa mume wangu. Kila nilipopata kizunguzungu alinicheka.

"Mimi nimezaa saba, na wote nimewanyonyesha na saumu yangu! Wewe una tumbo au mtungi uliotoboka?"

Maziwa yakapungua, yakakoma. Siku ya ishirini na moja Salim aliacha kulia. Ndugu zangu, nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mtulivu! Nilipomgusa alikuwa baridi.

Watu wakasema ni kudura, nami nikaitikia. Lakini moyoni niliiona sharia kama fimbo, iliyowekewa malaika, si sisi wenye damu.

Baada ya miaka miwili Ramadhani ikanikuta na Zuhura kifuani. Nikafunga tena! Siku ya tisa utosi wake ukabonyea. Nikavaa buibui, nikambeba mbio hadi mtaa wa Kuze kwa Bi Mwanaisha, aliyenisomesha Kurani. Alimtazama mtoto, kisha mimi.

"Umekula?"

"Nimefunga, Mwalimu."

"Umefunga! Nani kakwambia? Aliyeamrisha saumu ndiye aliyeumba ziwa la mama, anajua linavyokauka. Ukimhofia mtoto una ruhusa. Siku hizo utazilipa baadaye, na kwa kila moja utampa maskini kibaba cha chakula. Usidhani nakuhurumia, mwanangu. Hii ndiyo sharia yenyewe. Nenda ukale!"

Nilirudi nikamweleza mavyaa yangu.

"Moshi wa adhuhuri mtaa mzima utauona," akasema.

"Na uonekane, Mama."

"Na mimi, Bi Mwanaisha angaliniambia vivyo hivyo?"

"Angalikwambia, Mama."

Akashika ukuta. "Saba nilizaa," akasema. "Mumeo ndiye aliyebaki."

Kisha akachutama mekoni, akawasha moto, akanikorogea uji kwa mkono wake. Machozi yalimtoka. Alisema ni moshi. Nilikula mchana kweupe, naye amesimama mlangoni ili mtu asiingie kunisema.

Zuhura yu hai, alhamdulillahi! Hivi sasa anakimbizana na kuku wa jirani. Ndugu zangu, mwenye mtoto kifuani na asiogope moshi wake. Mwaminini aliyewaumba; udhaifu wenu aliujua kabla hajawaamrisha neno. Waulizeni wajuao mapema, msingoje sanda.

Siku nilizokula nimezilipa zote. Saumu ina siku ya kulipwa. Salim hana.