Mwalimu Hortensia Tubac, Gundi ya Unga na Tiara Moja

Mwalimu Hortensia Tubac anastaafu leo, tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka thelathini na sita katika darasa la watoto wadogo la Shule ya San Onofre. Darasa lilikuwa lile lile miaka yote, la mwisho karibu na choo, na bati lake linavuja pale pale tangu siku ya kwanza. Mwalimu mkuu ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu, anasema, mimi ndiye niliyefanya kazi naye muda mrefu kuliko wote. Sababu ya kweli ni kwamba walimu wengine walikataa. Kuna jambo moja ambalo huwezi kumwandika Hortensia ukaliruka, na hakuna aliyetaka kulishika. Mimi ni mfagiaji. Nimezoea kushika vitu ambavyo wengine wanavikwepa.

Alirudi hapa kijijini kwao kutoka chuoni akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na begi la nguo na sufuria mbili. Serikali ilimkabidhi watoto arobaini na mmoja na boksi moja la chaki. Basi akaanza kuokota. Vizibo vya soda alivitoboa kwa msumari akavitunga kwenye waya, vikawa njuga. Trei za mayai zilikatwa zikawa viwavi. Maganda ya mahindi yalifungwa kwa uzi yakawa wanasesere wenye sketi na mashungi. Makopo mawili ya maziwa na kamba vilikuwa viatu virefu vya kutembelea uwanjani, na mtoto mmoja alianguka navyo akavunjika jino la mbele. Mtoto huyo ndiye mwalimu mkuu wetu wa leo. Mkitaka ushahidi, mchekesheni.

Gundi ya dukani hakuitaka. Alipika yake mwenyewe, unga wa ngano na maji na ganda la limau, asubuhi, nyuma ya darasa. Mwaka wa kwanza aligundua kwamba gundi inakwisha kabla ya karatasi kubandikwa. Watoto walikuwa wakiilamba vidoleni. Wengine walikuwa wametoka nyumbani bila kuweka kitu tumboni. Hakumgombeza mtoto hata mmoja. Kesho yake akapika sufuria mbili, moja ya gundi, moja ya uji wa mahindi wenye sukari, akawaambia watoto kwamba hiyo ya pili ni gundi ya kubandika tumbo. Zimepikwa hivyo kwa miaka thelathini na sita, na mkaguzi aliyewahi kuja kuuliza unga unakwenda wapi alipewa kikombe akanyamaza.

Lakini Oktoba ilikuwa ya tiara, vishada vya kurusha angani. Hapa kwetu hakuna asiyejua: karatasi laini za rangi, vijiti vya matete, uzi, na mkia wa matambara. Suruali zangu tatu zimeishia angani kwa namna hiyo, moja ikiwa bado nzima. Kila mtoto alitengeneza tiara yake, akaipeleka makaburini tarehe mosi Novemba kuwarushia marehemu wa nyumbani kwao. Na kwa kuwa watoto wa miaka mitano hawajui kuandika, Hortensia ndiye aliyewaandikia vile vikaratasi vinavyotobolewa tundu na kupanda juu kwenye uzi kwa upepo. Mtoto anasema, mwalimu anaandika. Bibi, paka amezaa. Babu, redio yako imeibwa. Alikuwa na mwandiko mkubwa, wa duara, unaosomeka hata na mimi niliyeishia darasa la tatu.

Miaka minne iliyopita darasani mwake kulikuwa na mtoto aitwaye Yeimi. Baba yake, Abelino Boror, alikuwa ameondoka kwenda Kaskazini kutafuta kazi mwaka mmoja na nusu kabla. Alipiga simu mara ya mwisho akiwa karibu na mpaka, akasema jangwa ni siku tatu tu. Basi. Hakuna barua wala maiti. Mkewe, Marcelina Xicay, hakutaka kusikia neno lolote. Siku za kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji wa maji, karani alipoita jina la Abelino Boror, Marcelina alisimama na jembe lake begani akaitika, "Yupo." Akachimba zamu ya mumewe mpaka mwisho. Hakuna mwanaume aliyethubutu kucheka.

Yeimi akaja na kikaratasi chake. Hortensia akamuuliza anamwandikia nani. Baba. Aambiwe nini? Kwamba viatu vinabana. Hortensia akaandika, kwa mwandiko wake ule wa duara: Baba Abelino, viatu vinanibana, Yeimi. Aliniambia baadaye kwamba aliona barua ya mtoto kwa baba yake, hakukumbuka kwamba vikaratasi vile ni vya marehemu tu. Mwanamke wa San Onofre, aliyezaliwa humu, ambaye bibi zake wote wamelala makaburini kule juu. Watu husema uzee unachosha macho, lakini yeye hata mzee hakuwa.

Tarehe mosi tiara ya Yeimi ilipanda vizuri. Kikaratasi nacho kikapanda, kikiwa kimeshasomwa mbele ya macho ya watu. Marcelina hakuwepo. Alikuwa nyumbani anachemsha malenge kwa sukari guru. Kabla ya saa sita mlango ukabishwa, na alipofungua akakuta wanawake kumi na mmoja wamebeba mishumaa na mikate, wamejifunika shali nyeusi. Mama mmoja akamkumbatia akamwambia pole kwa msiba. Hivyo ndivyo alivyopewa habari za kifo cha mumewe, na habari yenyewe haikuwa na mwenyewe.

Jumatatu yake alikuja shuleni. Mimi nilikuwa pale, nasugua sufuria. Hakupiga kelele.

"Mwalimu, jangwa halijaweza kumuua mume wangu," alisema. "Wewe umemuua kwa kalamu."

Siku hiyo hiyo Hortensia alizipita nyumba za wale wanawake kumi na mmoja kwa miguu, moja moja, akisema kosa ni lake, Abelino hajafa, ilikuwa barua ya mtoto tu. Nilimfuata nyuma. Mzee Tiburcio, karani wa maji, alimsikiliza mpaka mwisho akasema, "Basi mwalimu, mwambie mwenyewe aje akanushe." Alikuwa ameshalifuta jina la Abelino kwenye orodha ya zamu. Siku ya mfereji iliyofuata halikuitwa. Marcelina alisimama na jembe lake tangu asubuhi, akisubiri kuitika.

Tangu hapo darasa la Hortensia halikutengeneza tiara. Oktoba nne. Wazazi walilalamika, mwalimu mkuu alimwita ofisini, wengine walimwita mwoga, na mimi nilimwita hivyo pia, tena usoni. Alijibu kwamba mkono ulioandika lile jina hautamwandikia mtoto mwingine mpaka Marcelina aseme. Watoto wakafanya njuga na wanasesere. Matete nyuma ya choo yakarefuka mpaka yakaanguka. Nilidhani atastaafu hivyo hivyo, na yeye alidhani hivyo. Alianza kugawa vitu vyake mwezi wa nane, mkasi kwa huyu, sufuria kwa yule, kama mtu anayehama usiku.

Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya watoto kwenda nyumbani, Marcelina aliingia langoni na Yeimi, ambaye sasa ana miaka tisa. Msidhani kuna habari ya Abelino iliyofika. Hakuna. Hakuna simu, hakuna mfupa. Alisema amechoka kungoja tu. Hortensia alisimama na kitambaa cha ubao mkononi, hajui akiweke wapi.

"Nifundishe, mwalimu," Marcelina alisema. "Mimi mikono yangu inajua jembe tu."

Wakaketi kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafikia kidevuni. Gundi ya Marcelina ilitoka na madonge, tiara yake imepinda upande, na kwa mkia nimetoa shati safari hii, kwa hiari. Hortensia alishika vidole vyake akavipitisha juu ya karatasi, polepole, kama anavyofanya na wa miaka mitano. Ilipofika zamu ya kikaratasi, Hortensia aliirudisha kalamu mezani. Yeimi akaichukua, akamuuliza mama yake aandike nini.

Marcelina alibandua gundi iliyomkaukia vidoleni.

"Andika jina la baba yako. Mengine nitamwambia mwenyewe."

Tiara hiyo imelazwa kwenye meza ya walimu, kwa hiyo wageni waalikwa, sahani zenu pelekeni kwingine.

Mwalimu Hortensia, kwa niaba ya San Onofre nzima, waliobandikwa matumbo na wasiobandikwa, tunakushukuru. Tunakuombea miaka mirefu, magoti mepesi, na asubuhi za kulala mpaka jua lipande. Lakini kulala kuanze keshokutwa. Kesho saa nne unangojwa makaburini. Marcelina atakimbia na uzi, na amesema wa kumwinulia tiara nyuma yake ni wewe, hataki mwingine.

Nicasio Suruy, mfagiaji