Filemoni Mwikwabe, Dereva wa Asubuhi za Baridi (1911–1959)

Filemoni Mwikwabe alizaliwa hapa Kisaka mwezi wa Machi mwaka 1911, mtoto wa kwanza wa Mzee Mwikwabe na mkewe Robi. Alipokuwa na miaka sita, mama yake alishikwa na uchungu wa kujifungua uliokataa kwisha. Wanaume walikata miti miwili, wakafunga ngozi ya ng'ombe katikati, wakambeba begani kuelekea kwa mkunga ng'ambo ya Mto Mara. Filemoni aliwafuata nyuma akiwa na kibuyu cha maji cha mama yake. Mama alijifungua njiani, akafariki kabla ya kufika mtoni. Mtoto wa kike alipona, akaitwa Nyangi. Tangu siku ile Filemoni hakuweza kutazama machela, na kazi aliyokuja kuifanya ukubwani ilianzia pale, ingawa mwenyewe aliyasema hayo mara chache sana.

Alisoma shule ya Busawe kuanzia 1925 hadi 1928, darasa la kwanza hadi la nne, akichunga ndama kabla ya kengele na baada ya kengele. Hakuendelea zaidi. Lakini mdogo wake alipofikia umri wa shule alimshika mkono akampeleka mwenyewe, na hakumwachia mpaka alipomaliza chuo cha ualimu.

Mwaka 1929 alikwenda Musoma akawa utingo wa lori, kisha dereva. Mwaka 1940 aliingia jeshini, akaendesha magari Uhabeshi na Burma, akajifunza kuyatengeneza. Alirudi mwaka 1946 akiwa na koti la jeshi na sanduku la spana.

Tarehe 20 Septemba 1947 alifunga ndoa na Esta Mokami wa Nyamwaga, Tarime. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na wazee walikuwa wameshaanza kumsema. Esta alipenda kueleza kwamba alimpata amechelewa kwa sababu alikuwa mahali fulani akisubiri gari liwake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Robi, Rubeni na Heche.

Mwaka 1953 alipata kazi aliyokuwa akiitafuta maisha yake yote, ya kuendesha gari la zahanati ya kanisa katika vilima vya Tarime. Gari lenyewe lilikuwa Landrova kuukuu ya mwaka 1949, iliyokwisha kuzunguka mbuga na wapima ardhi. Mchana ilipanda mawe kama mbuzi. Alfajiri, mgonjwa akiwa anasubiri, ilikohoa, ikatetemeka, ikawaka nusu nusu na kuzimika.

Filemoni alisafisha plagi, akazichukua jikoni kuzipasha moto kando ya chungu cha uji. Alichuja petroli kwa kitambaa. Aliifungua kabureta na kuifunga tena. Mwishowe, akiwa mtoto wa wafugaji, alifanya kile ambacho angemfanyia ndama dhaifu: alilihamishia gari kwenye banda la ng'ombe wa maziwa, lilale katikati yao lipate joto.

"Baba Robi," Esta alimwuliza, "ulinioa mimi au ulioa hili gari?"

"Wewe nilikutolea ng'ombe," alijibu. "Hili nimelipa ng'ombe wa kulala nao tu."

Lakini hali ilizidi kuwa mbaya. Julai 1955 wazee wa kanisa walikaa wakaamua kwamba likigoma tena mgonjwa akisubiri, litauzwa, na watu watarudi kubebwa kwa machela kama zamani. Mzee Machage, mwenyekiti wao, alimwambia kwa upole, "Mura, kijana wangu, kuna ndama ambaye hata umpeleke wapi hapati nafuu."

Filemoni alirudi nyumbani akakataa chakula. Esta alimwacha kwanza. Kisha akamwambia, "Ng'ombe walipokwenda kulala malisho ya mbali mwezi uliopita, gari lilikuwa linawaka vizuri. Wamerudi, na kikohozi kimerudi. Mimi nikiwakamua alfajiri, maji ya pumzi zao yananidondokea kutoka kwenye miti ya paa. Wewe unadhani gari lako limevaa koti la mvua?"

Filemoni alicheka, kisha akaacha kucheka. Asubuhi, kabla ya kugusa kitu kingine, alifungua ile kofia nyeusi ambamo waya za plagi zote hukutana. Ndani ilikuwa imelowa kama mfuniko wa chungu, na pembeni ilikuwa na ufa mwembamba. Moto wa kuwasha injini ulikuwa ukipotelea kwenye maji. Aliikausha juu ya makaa, na baadaye akaagiza nyingine Musoma. Akasafisha pointi za umeme zilizo chini ya kofia hiyo, akapima upya mwanya wa kila plagi, akalegeza skrubu ya kabureta kidogo kidogo huku akisikiliza, mpaka injini ikanguruma sawasawa. Kisha akalijengea gari kibanda chake, paa la nyasi bila kuta, penye upepo.

Wiki hiyo hiyo, alfajiri yenye ukungu, aliletwa mama mmoja, Agustina, aliyekuwa ameshinda na uchungu tangu juzi. Filemoni alizungusha handeli nusu mzunguko tu, gari likawaka. Agustina alijifungua salama hospitalini. Mzee Machage alikuja kulipigapiga gari bonetini, akasema, "Kumbe ndama alikuwa mzima. Mchungaji ndiye aliyekuwa anaumwa." Filemoni alicheka kuliko wote, na kila aliyeuliza nani aligundua tatizo alielekezwa kwa Esta. Gari halikuuzwa.

Mwezi wa Machi mwaka huu alianza kuvimba miguu, na madaktari walisema ni moyo. Dereva mpya, Method, alishika kazi. Kila asubuhi Filemoni alisikiliza kutoka kitandani, na Method alipokuja kumwamkia shikamoo aliambiwa plagi ipi inahitaji kusafishwa. Jumatatu tarehe 15 Juni aliuliza, "Mmelilaza wapi?" Esta akamjibu, "Penye upepo." Akasema, "Basi, sawa." Alifariki saa tisa mchana huo. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, aletwe Kisaka kwa mama yake, na asije kwa machela.

Jana alfajiri umande ulikuwa mzito. Lori haliwezi njia ya huku, na vijana, kwa kuogopa gari lisije likagoma, walikuwa wamekata miti miwili na kuiegemeza ukutani. Esta aliiona, akaenda kwenye gari. Alifungua boneti, akatoa ile kofia, akaipangusa kwa pindo la khanga yake, akairudisha mahali pake. Method akazungusha handeli. Gari likawaka papo hapo. Miti ile bado imeegemea ukuta kule Tarime.

Filemoni ameacha mjane, Esta Mokami. Watoto, Robi, Rubeni na Heche. Mdogo wake, Mwalimu Nyangi. Na watoto wengi wa vilimani wasiomjua, waliozaliwa kwa sababu gari liliwaka. Kaburi lake liko kando ya la mama yake. Na apumzike hapo kwa amani, amefika.