Kilima Chetu Kwa Miaka Tisini na Tisa

Kitendawili! Ana maneno mengi na hana mdomo. Akiingia kwako, wewe unalala nje. Umeshindwa? Ni karatasi ya mkataba.

Jana nilikaa katikati kwenye tuktuk ya kwenda mtaa wa Rhonda. Kushoto kwangu alikuwa Chepkurui, mwenyekiti wa kamati ya ardhi kwao Subukia, ametoka ofisi ya kampuni fulani ya ng'ambo. Kulia alikuwa Farah, muuza viatu wa mtaani kwetu. Hawakujuana, lakini bahasha ya mkataba ya mama huyo ilikuwa wazi, na Farah ana macho.

"Wanataka kukodi kilima chenu miaka tisini na tisa? Mathe, hamkomi! Wazee wa hili bonde waliwekea Mwingereza alama ya kidole kwenye karatasi, wakahamishwa na ng'ombe wao. Wajinga kabisa."

"Chunga mdomo, boss. Wale wazee walijua kila kisima na kila njia ya ng'ombe hapa. Kitu hawakujua ni Kiingereza, na aliyewasomea alikuwa mtu wa Mwingereza."

Mimi nilitoa macho nje, masikio nikayaacha ndani.

"Sawa," Farah akasema, sauti imeshuka kidogo. "Na wewe leo umeweka sahihi?"

Chepkurui akafunga kitambaa chake vizuri. Tuktuk ikasimama. Akashuka kwanza, ndipo akamgeukia.

"Nimewaambia hao wa kampuni waje waketi kilimani, waisome karatasi yote kwa Kikalenjin, wao wenyewe kwa mdomo wao, mbele ya akina mama. Wakikosea, tunawarudisha mwanzo. Sasa wanatafuta mwalimu wa Kikalenjin."