Kuku wa Muhuri Wagomea Bustani

Pale kona, kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa ghala, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu ya kwake na mmoja wa tofali. Fundi alilichonga kwa ajili ya watu wawili na nusu, na kila jioni hukaliwa na wanne, kila mmoja na nafasi yake isiyoguswa hata akiugua. Mbele yao, upande wenye kivuli kizuri, kuna viti vipya vya zege vyenye migongo ya kuegemea. Ofisi ya mtaa ilivijenga, ikavizungushia utepe mwekundu, kisha ikaenda zake. Hakuna anayevikalia. Birika, muuza kahawa, hutundika tu taulo lake kwenye ule utepe, na hata kwa hilo Muhuri amemkanya si mara moja.

Muhuri jina hilo alilipata kazini. Utumishi wake wote aliumaliza nyuma ya dirisha dogo la vibali, akigonga karatasi za watu, na mpaka leo akishusha kikombe hukishusha kwa kukigonga. Lakini jioni hiyo hakuwa na hamu ya kugonga chochote. Alikuja na kapu lililofunikwa kitambaa, akaliweka miguuni, akapenyeza makalio yake mahali pake pembeni mwa benchi, ndipo akafunua.

– Nini hiki? akauliza Kinyozi.

– Kuku.

– Hilo naliona. Nauliza kabla ya ajali alikuwa nini.

Na kweli, kumwita kuku kulikuwa ni kumpa heshima. Shingo haikuwa na unyoya hata wa kubahatisha, mgongo ulikuwa na viraka, na kishungi kilichopauka kilimlalia upande kama kofia ya mlevi.

Muhuri akaeleza kwa mpangilio, kama anayesoma taarifa. Mwanzoni mwa juma mkewe alimtuma kwenye banda kubwa la mayai nje ya mji, ambako kuku waliochoka kutaga huuzwa kwa bei ya kutupa, akalete mmoja wa kitoweo. Akaingizwa ndani akachague. Akaona vizimba vya waya vimepandana kama makabati ya mafaili, taa zinawaka mchana kweupe, na kila kuku ana eneo la ukubwa wa gazeti lililokunjwa. Mbele ya kila kizimba kulikuwa na nafasi ya kutolea kichwa. Ile nafasi Muhuri aliitazama kwa muda mrefu kuliko mteja wa kawaida. Aliondoka na kuku wanne, wote wakiwa hai, na alipofika nyumbani akatangaza kwamba hawa hawachinjwi, wanahamia bustanini.

Mkewe hakubisha. Mama yule huwa habishi, huweka masharti. Alimwambia hivi: kabla ya Ijumaa kwisha, nikimwona hata mmoja anachakura kama kuku mwenye akili zake, wote wanabaki mpaka wafe na uzee wao. Nisipomwona, Jumamosi dada zangu wanakuja, na sufuria ninayo.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Na kuku hawakuchakura. Bustani nzima waliachiwa wao, majani mpaka magotini, udongo laini, mboga za mama ambazo kuku mwingine yeyote angezifilisi kabla ya chai. Wao walisimama palepale walipowekwa, karibu na lango, bega kwa bega, wanne katika eneo ambalo mbuzi mmoja asingeweza kujinyoosha. Mvua ilinyesha, wakanyeshewa. Walikula tu waliposhikiwa kopo mbele ya mdomo.

– Jana funza alipita mbele yao, akasema Muhuri kwa uchungu. Funza mnene, mwenye afya. Wakamtazama mpaka akavuka.

Ili asionekane mzushi, akamchukua yule kuku na kumsimamisha katikati ya kiwanja. Kuku akasimama. Mbele palikuwa wazi, nyuma palikuwa wazi, makombo ya maandazi yalikuwa hatua moja tu kutoka kwenye kucha zake. Alisimama kama mtu aliyeambiwa asubiri aitwe.

Kinyozi ndiye aliyeanza kutibu. Kwa maoni yake ugonjwa ulikuwa aibu. Yeye ameona wanaume wazima, wenye vyeo, wakikaa ndani juma zima kwa sababu tu mashine iliteleza kisogoni. Sasa huyu hana nywele hata za kusingiziwa. Atatokaje mbele za watu? Apakwe mafuta, afunikwe kitambaa, nyoya zikirudi atatembea mwenyewe.

Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamkatalia, akacheka kwa dharau. Akasema shida haiko kwenye mwili wa gari, iko kwenye mngurumo. Banda lile lina mapangaboi makubwa yanayounguruma usiku na mchana, si ndiyo? Basi kuku amezaliwa ndani ya mngurumo, amekulia humo. Leo kimya. Anachojua yeye ni kwamba chombo kimesimamishwa barabarani kwa ukaguzi, na abiria mwenye adabu hashuki kwenye ukaguzi.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo tutafute lori, tuliegeshe nyuma ya bustani, liungurume mpaka wazoee. Kisha tunapunguza moto kidogo kidogo. Siku ya nne wanatembea.

– Siku ya nne wamefika mezani tangu Jumamosi, akasema Kinyozi.

Birika alikuwa kimya akimimina kahawa, na Birika akinyamaza ujue anatengeneza jambo kubwa. Alipokaa, benchi likalia na wote wakasogezana mbavu. Akawaambia wanahangaika bure, kuku hawa si wagonjwa. Kuku hawa wako kazini. Mwenye banda hawezi kufurahi watu wakifuga wenyewe, atamwuzia nani mayai? Basi anawatoa kuku waliofundishwa kuduwaa, wanasambazwa majumbani, wananchi wanakata tamaa ya ufugaji na kurudi dukani na trei mkononi. Mtazameni jicho. Mnaona anavyohesabu vikombe?

Wote wakamtazama kuku jicho. Kwa kweli lilikuwa jicho la mtu anayehesabu.

Muhuri peke yake hakushawishika, maana alikuwa na nadharia yake tangu Jumanne na alishaifanyia kazi. Akakiri, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba aliona kasoro ni ya kiutaratibu. Kuku hawa walitolewa kizimbani bila kuelezwa wanakwenda wapi, wana haki gani, na mwisho wa eneo lao ni upi. Hivyo aliwapangia saa za kufunguliwa lango na saa za kufungwa, akawawekea na mapumziko ya mchana. Halafu akasimama mbele yao akawatamkia rasmi kwamba wanaruhusiwa kupita.

– Uliwahutubia? akauliza Breki.

– Kwa ufupi.

– Wakasemaje?

– Mmoja aliketi.

Kabla hawajamaliza kucheka, mama mwenyewe akatokea kwenye kona. Kicheko kikakatika. Tangu benchi lile lipate mguu wa tofali, mke wa Muhuri hakuwahi kutia mguu pale. Alilijua kwa kulisikia tu, kama nchi ambayo mumewe huenda kikazi. Mkononi alikuwa na kopo la mtama.

– Nimehesabu kuku wangu, akasema. Nimepata watatu.

– Nilimleta kwa wataalamu, mama watoto.

Mama akawatazama wataalamu mmoja baada ya mwingine, akawasalimu vizuri, akaulizia afya za wake zao. Miguu ilikuwa inamuuma, kilima kile si cha mchezo, akaomba pa kukaa. Nao hawakuwa watu wasio na adabu. Walijibana. Breki alijikunja, Kinyozi akaning'iniza nusu ya mwili hewani, Birika akashika tofali lisichomoke, na baada ya jasho lote hilo ikapatikana nafasi ya kukalisha kopo.

Mama akaliangalia pengo lile. Kisha akainua macho, akatazama ng'ambo, kwenye viti vya zege, vitupu, na kivuli kimelala juu yake.

– Na pale kwa nini hamkai?

– Havijazinduliwa, akajibu Muhuri mara moja.

– Anasubiriwa mgeni rasmi, Kinyozi akaongeza.

– Mgeni gani?

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akakumbuka kwamba alikuwa mkubwa fulani, mwenye gari jeupe. Birika alidhani alishahamishwa. Muhuri, ambaye kwa mdomo wake mwenyewe alishafukuza mafundi, wajawazito na kizee mmoja mwenye mkongojo kutoka kwenye viti vile, akafungua kinywa kutaja cheo cha mgeni, na cheo hakikuja. Akakifunga. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, aliulizwa dirishani swali ambalo asingeweza kulijibu kwa kusema njoo kesho.

Mama hakungoja. Akavuka, akainamisha kichwa, akapita chini ya utepe, akakaa, akaegemea na kuvua viatu. Utepe aliougusa ukafunguka fundo upande mmoja, taulo la Birika likaanguka, na ncha nyekundu ikawa inachezacheza mavumbini kwa upepo.

Kuku akageuza kichwa. Akaielekezea ile ncha jicho moja, akaielekezea na la pili. Ncha ikatikisika. Kuku akainua mguu, akaubakiza hewani kwa muda kama anayefikiria madhara yake, kisha akaushusha nje ya lile eneo lake la ukubwa wa gazeti. Akaushusha na wa pili. Akaenda mwendo wa kuyumba mpaka kwenye utepe, akaudonoa, akauvuta kwa nguvu zake zote chache, na utepe wote ukatoka vitini ukamfuata. Hapo ndipo, bila kuelekezwa na mtu, akarudisha mguu nyuma na kuchakura mchanga, mara moja, halafu mara nyingine, akainama kutazama amepata nini.

Kinyozi akapiga makofi, kwa mazoea. Utepe ukitoka watu hupiga makofi.

– Huyo abaki, akasema mama akijikanda kisigino. Na wenzake.

Breki akanyanyuka, akavuka, akajaribu mgongo wa kiti, akaguna kwa raha. Kinyozi akafuata. Birika akahamisha jiko na birika lake, akaokota taulo, akalitafutia pa kutundika.

Muhuri akabaki peke yake. Benchi lote lilikuwa lake, urefu wake wote, lakini alikuwa bado ameketi pembeni kabisa, viwiko vimebanwa mbavuni, kikombe amekishika karibu na kifua, vilevile kama wenzake walivyomwacha.

Mkewe akamtazama kwa muda. Kisha akatikisa kopo.

– Baba watoto, unakuja, au na wewe nikumwagie mtama?