Mzee Severin na Mwendesha Mashtaka wa Kuazima

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Gulfton, na ninyi mliotoka Grand Prairie alfajiri, familia imenituma niwasomee maisha ya mpendwa wetu Severin Mutalemwa, nami nitasoma taratibu, kwa sababu marehemu hakuvumilia mtu anayesoma tarehe mbiombio.

Mzee Severin alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tano kati ya tisa, akaanza shule ya misheni hapo hapo kijijini mwaka 1957, na mwaka 1968 akamaliza kidato cha nne mjini Bukoba, akisifiwa kwa mwandiko na kulalamikiwa kwa ubishi, mambo mawili yaliyomfaa sana katika kazi aliyoipenda kuliko zote, yaani ukarani wa mahakama ya mwanzo, alioufanya tangu Februari 1971 hadi alipostaafu mwaka 2004.

Tarehe 6 Januari 1979 alifunga ndoa na Mama Avelina, aliyekuwa amemkataa mara mbili, na marehemu alijigamba hadi uzeeni kwamba mara zote mbili alikata rufaa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Abigail na mimi Samson, na mwaka 2005 Abigail, akiwa tayari nesi hapa Texas, akawaita wazazi wetu, wakaishi kwanza Grand Prairie, ambako marehemu alipanga maboksi ghalani kwa miaka sita, kisha mwaka 2011 wakahamia mtaa huu wa Gulfton, ghorofa ya pili, mlango ukitazamana na wa nesi kijana kutoka Eldoret, Kiplagat, ambaye kila Jumapili aliwapeleka kanisani kwa gari lake.

Mwezi Septemba 2017 Kiplagat alishtakiwa katika kaunti moja jirani kwamba alimvunja mkono kwa makusudi mzee mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi, ilhali yeye alisema alimdaka mzee huyo akianguka. Mwendesha mashtaka wa kaunti alijitoa, kwa kuwa mkewe alikuwa na hisa katika nyumba hiyo, na jaji akamteua wakili wa kujitegemea ashike nafasi yake kwa kesi hiyo moja tu, mwendesha mashtaka maalumu kama anavyoitwa, ingawa kwa marehemu alikuwa wa kuazima tangu siku ya kwanza. Huyo wa kuazima akaleta ofa, kiri kosa na hutafungwa, na Kiplagat, aliyekuwa amechoka hoi, akaja kumwambia marehemu, "Mzee, wacha ni-sign hii plea, hii maneno iishe," naye marehemu akamweleza kwamba akisaini tu, leseni yake ya unesi imekwenda, na ruhusa ya kuishi nchini huenda ikaifuata.

Basi Kiplagat hakusaini, na marehemu akaomba jalada, akalisoma kwa wiki tatu mezani pa chakula, tukawa tunakula kwenye kochi, hadi alipogundua kwamba yule wa kuazima aliwahi kuwa wakili wa nyumba ile ile ya wazee katika kesi ya madai. Wakili Kezia, aliyemtetea Kiplagat kutoka ofisini kwake Sugar Land, alimtahadharisha, "Mzee, tukipinga uteuzi wake jaji atakataa, na hatuwezi ku-appeal mpaka kesi iishe," na marehemu akajibu, "Akatae, mwanangu, ila akatae kwa maandishi, kabla juri haijaapishwa," kwani kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa ameona rufaa nyingi zikifa kwa sababu watu walilalamika kwenye korido badala ya kwenye kumbukumbu za mahakama.

Siku ya kusikilizwa ilikuwa Jumatatu, tarehe 12 Machi 2018, na marehemu, alipomwona Kezia akipekua karatasi, alidhani binti huyo amesahau, akasimama kule nyuma, akafunga kifungo cha koti, akainama, akasema "Mheshimiwa," akaanza kusoma pingamizi lote kwa Kiswahili fasaha, kama ilivyo desturi ya mahakama ya mwanzo kwetu. Askari alimkalisha, akasimama tena, ndipo akatolewa nje kwa heshima zote. Kezia akawasilisha pingamizi kwa Kiingereza, jaji akalikataa kwa maandishi, na marehemu akashangilia nje kana kwamba tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda, kwa maana rufaa ya haraka ilirudishwa mwezi Aprili, ikielezwa kwamba mlango wa rufaa haufunguliwi kabla ya hukumu, na mwezi Mei Kiplagat akatiwa hatiani, akapewa kifungo cha nje na leseni ikasimamishwa, akaenda kubeba mizigo ghalani, huku Kezia akikata rufaa upya. Marehemu alilia, wiki nzima hakula sawasawa, akiogopa kwamba ubishi wake umempoteza mtoto wa watu.

Agosti 2018 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na ni akiwa kwenye mashine, tarehe 17 Oktoba 2019, alipoletewa uamuzi wa mahakama ya rufani kwamba uteuzi ule haukuwa halali, kwamba pingamizi lilitolewa kwa wakati, na kwamba hukumu imefutwa. Alipunga mkono wenye mirija hadi kengele ya mashine ikalia. Mwendesha mashtaka mpya aliifuta kesi mwezi Novemba, na tarehe 21 Januari 2020 leseni ikarudi.

Mgonjwa wa kwanza ambaye Kiplagat alipangiwa kumhudumia nyumbani alikuwa wa mlango ule uliotazamana na wake. Mzee alimsumbua kwa kila kidonge, wakabishana, wakacheka, hadi Alhamisi, tarehe 20 Februari 2020, saa nne asubuhi, alipotuacha akiwa na umri wa miaka sabini.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa kitengo cha figo, Wakili Kezia, majirani mliopika bila kuombwa, na wenzake wa ghalani. Kiplagat, simama watu wakuone, mwanetu. Walisema mkono wako unaumiza wazee, na mkono huo ndio uliomfumba macho mzee wetu.

Lala kwa amani, Baba.